Riwaya za kihistoria na za zamani zisizotajwa: kuzisaka, kuchagua toleo, kuzisoma (uzi)

Kurasa_za_Njano

Wakuu, salaam.

Mtu akiomba riwaya za kihistoria au za zamani, majibu huwa yale yale: vitabu vya mtaala na vingine vitano sita vinavyojulikana na kila mtu. Uzi huu ni wa vile vilivyobaki nyuma.

Tukubaliane kwanza jambo moja. Kitabu hakipotei kwa sababu ni kibaya. Mara nyingi kilichapwa mara moja tu na mchapishaji akafunga milango, au hakikuwahi kuingia darasani, au kimebaki ndani ya lugha moja. Ndiyo maana swali la "kipi kizuri?" halikufikishi mbali, linarudisha majina unayoyajua tayari. Uliza "kilichapwa na nani, mwaka gani, kikarudiwa mara ngapi?" Ukifuata njia ya uchapaji, vitabu vinaanza kujitokeza vyenyewe.

Mfano mkubwa ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuuchapa, akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakautoa mwaka 1980 kwa jina refu la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Miaka 35 tangu kuumaliza! Mwaka uliofuata akafariki. Kisa ni cha mume na mke wasiojaliwa mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume hana budi kuwatengenezea pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe. Anayefukuzia kisa atachoka, kwa kuwa mwandishi husimama njiani akaeleza pombe inavyoandaliwa hatua kwa hatua, samaki wanavyovuliwa, dawa zinavyochimbwa, watu wanavyosalimiana na kuagana. Mimi nasema hapo ndipo utamu wake ulipo. Ni maisha ya kisiwa kabla ya ukoloni, yameandikwa na mtu wa humo humo.

Vingine viwili vya kundi hili. Kwaheri Iselamagazi ya Bernard Mapalala (1992) inahusu dola ya Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, na Iselamagazi ndio uliokuwa mji wake mkuu. Kaburi Bila Msalaba ya P. M. Kareithi (1969) ni ya vita vya Mau Mau, na ilitoka Kenya ikiwa bado ni miaka sita tu tangu uhuru.

Karibuni mwongeze.

Msomaji_Usiku

Asante mkuu kwa uzi. Tatizo ni kwamba ukiandika "riwaya za kihistoria za Kiswahili" kwenye mtandao unaletewa muhtasari wa wanafunzi wa kidato cha nne. Mnatafutia wapi?

Mkutubi

@Msomaji_Usiku, usianzie kwenye injini za kawaida. Anzia kwenye katalogi za maktaba. Utaratibu ni huu:

Fungua WorldCat, ambayo ni katalogi ya pamoja ya maktaba nyingi duniani. Chuja lugha iwe Kiswahili, aina iwe kitabu, miaka iwe 1950 hadi 1990, kisha panga kuanzia mwaka wa zamani zaidi. Usiandike neno "riwaya" peke yake, kwa sababu vitabu vingi vya wakati ule jalada lake linasema "hadithi" au halisemi kitu. Mada kwenye katalogi hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta mada ya Swahili fiction hata kama kitabu chenyewe ni cha Kiswahili kitupu.

Ukimaliza hapo nenda katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Wana ofisi Nairobi tangu 1966, na kazi yake ni kukusanya machapisho ya ukanda huu. Ndiyo sababu kijitabu ambacho hakionekani popote huku kwetu unaweza kukikuta kimesajiliwa kule, pamoja na jina la mchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa. Kitabu chenyewe hutakisoma pale, lakini umepata anwani zake kamili, na hizo ndizo unazohitaji kumpa mkutubi au muuza vitabu vya zamani.

Halafu tafuta kwa mchapishaji badala ya mwandishi. East African Literature Bureau ilianza 1948 na ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 orodha yake upande wa Kenya ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. East African Publishing House ilianza miaka ya 1960 ikafa miaka ya 1980. Tanzania Publishing House ilianza 1966. Andika jina la mojawapo pamoja na lugha, uone orodha inavyomiminika. Majina mengi humo hujawahi kuyasikia hata siku moja.

Mambo yanayokwamisha watu:

Jina la mwandishi huandikwa kwa namna nyingi. Adam Shafi anaorodheshwa pia kama Shafi Adam Shafi. Mwandishi wa hadithi za Bwana Msa ni Muhammed Said Abdulla, lakini utamkuta kama Mohamed, Mohammed, na Abdulla au Abdallah. Jaribu zote kabla hujakata tamaa.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, haikusaidii kwa kitabu cha kabla ya miaka ya 1970, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa haujaenea. Kwa vya baadaye inasaidia sana: namba inayoanza na 9966 ni ya Kenya, 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9970 ni ya Uganda. Ukiona picha ya jalada la nyuma tu, namba hiyo inakuambia kitabu kimetoka wapi.

Na kwenye nakala zilizopigwa picha, ile programu ya kutambua herufi hukosea ng' na alama zake. Ng'ombe inaweza kusomeka ngombe, ng ombe au hata n'gombe. Pia r na n zikikaribiana husomeka m. Ukitafuta neno ndani ya kitabu usilipate, jaribu neno jingine lisilo na herufi hizo kabla hujasema halimo.

Kama una njia ya kuingia maktaba ya chuo kikuu, omba kitabu cha Elena Bertoncini Zúbková kiitwacho Outline of Swahili Literature. Chapa ya kwanza ni 1989, ya pili 2009 akiwa na wenzake watatu. Mwishoni kina orodha ya waandishi na kazi zao pamoja na maelezo mafupi ya visa. Orodha hiyo peke yake ni hazina. Jarida la Swahili Forum nalo liko mtandaoni bila malipo, na makala zake mara nyingi zinataja riwaya ambazo hazitajwi kwingine.

Shubaka

Naongezea kwa upande wa Zanzibar. Adam Shafi anajulikana kwa Vuta n'Kuvute (1999), hasa baada ya filamu ya 2021. Lakini ukivipanga vitabu vyake kwa mwaka wa tukio badala ya mwaka wa kuchapwa, unapata historia nzima ya visiwa kwa mkono mmoja:

Kuli (1979), mgomo wa wafanyakazi wa bandarini mwaka 1948, kupitia kijana Rashidi.
Vuta n'Kuvute (1999), miaka ya 1950: Yasmini anayetoroka ndoa, na Denge wa harakati.
Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), mashamba ya karafuu na mapinduzi ya 1964.
Haini (2003), kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972.

Zisome kwa mpangilio huo. Kuli ndiyo inayopuuzwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye kazi ya karibu kabisa: gunia linavyobebwa, msimamizi anavyochagua watu alfajiri, deni la dukani linavyomrudisha mtu kazini hata akiwa mgonjwa. Ukishaielewa bandari ya Kuli, siasa za Vuta n'Kuvute hazikupi shida tena.

Na kwa Shaaban Robert, wengi wanaishia Kusadikika. Jaribuni Siku ya Watenzi Wote na Utubora Mkulima. Zote zilitoka 1968, miaka sita baada ya kifo chake, na zinaonyesha mji na shamba vya wakati wake waziwazi bila kujificha nyuma ya nchi za kufikirika.

BintiKarne

Mmeiruka Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, ya mwaka 1934. Wahakiki wengi huianzia hiyo wanapohesabu riwaya za Kiswahili. Watu wanatekwa bara, wanashushwa pwani, wanapakiwa jahazini, manowari ya Kiingereza inalikamata jahazi, wanapelekwa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa huko Mombasa.

Shubaka

Sikuiruka kwa bahati mbaya, dada. Ile si riwaya kwa maana tunayoitumia leo. Ni masimulizi ya jamii yake, nusu historia, nusu shukrani. Halafu imeegemea upande mmoja: Mwingereza ni mkombozi toka ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho, Mwarabu ni mwovu basi.

BintiKarne

Kuegemea upande kunaondoaje jina la riwaya? Na hilo la upande ndilo linaloifanya isomwe. Mbotela alikuwa mtoto wa watu waliokombolewa na kulelewa na misheni, kitabu kikatoka London kwa wachapishaji wa kidini. Ukijua hayo unasoma mambo mawili kwa pamoja: habari za safari ya watumwa, na jinsi wana wa Freretown walivyofundishwa kuieleza safari hiyo. Msomaji aangalie nani anapewa maneno ya kusema na nani anasimuliwa tu. Watumwa wanaongea sana mwanzoni, kabla ya kuokolewa. Baada ya hapo wanaongea zaidi wakubwa.

Anayetaka upande wa pili asome sambamba Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili. Si hadithi ya kubuni, lakini ni safari zile zile zikitazamwa na mwenye msafara. Anahesabu pembe na bunduki kwa utulivu kabisa. Ukiviweka vitabu hivi viwili pamoja unapata kitu ambacho hakuna kimoja kinachokupa.

Shubaka

Kuvisoma pamoja, hapo nakubali. Jina la riwaya bado sijakubali.

Kurasa_za_Njano

Ubishi mzuri huo, uendelee. Nyongeza yangu: msiache tenzi. Mtu anayetafuta hadithi za kihistoria za zamani kwa Kiswahili akifungia macho mashairi amejinyima nusu ya hazina. Utenzi wa Tambuka ni wa Pate, mwaka 1728, na unasimulia vita na Warumi wa mfalme Herkal. Si habari za hapa, na mengi ni ya kubuni. Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy ni wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, na mtunzi aliishi zama hizo hizo. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi, ulichapwa tena mwaka 1957.

Namna ya kuusoma utenzi kama hujazoea: usianze na ubeti wa kwanza ukitaka kuelewa kila neno. Beti za mwanzo ni za dua na kuomba karatasi na wino, zina Kiarabu kingi, na ndizo zinazowakimbiza watu. Ruka hadi pale vita vinapoanza, soma beti 50 kwa sauti, kisha rudi mwanzo. Mizani nane kwa mshororo, mishororo minne kwa ubeti, vina vitatu vya kwanza sawa na cha nne kinachorudi utenzi mzima. Sikio likishashika mwendo, maana inakuja.

Kwa nathari ya zamani ipo Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, ya watawala wa Usambara. Chapa inayopatikana kwa urahisi zaidi ni ya East African Literature Bureau, 1962. Nayo inasomeka kama riwaya: Mbega anavyofukuzwa kwao, anavyowinda nguruwe na kugawa nyama, na nyama inavyomfikisha kwenye utawala.

Msomaji_Usiku

Kiswahili cha vitabu hivyo hakitanishinda? Kamusi ya kawaida itatosha?

BintiKarne

Kwa riwaya za 1960 na kuendelea, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI inatosha. Kwa maandishi ya kabla ya hapo tumia kamusi ya Johnson ya 1939. Ni ya Kiswahili na Kiingereza lakini ina maneno mengi ya pwani yaliyokwisha kuachwa. Kwa tenzi na lahaja za kaskazini hakuna inayoishinda ya Sacleux, ya 1939 pia, ila maelezo yake ni ya Kifaransa. Na usitafute kila neno. Weka alama ya penseli, maliza sura, kisha tafuta yale tu yaliyojirudia.

MtafsiriHuru

Niingie upande wa tafsiri, maana vitabu vingi vya zamani vya Afrika na dunia tunavifikia kwa tafsiri, na hapo ndipo watu wanapopoteza kitabu bila kujua.

Tuchukue Mhudi ya Sol Plaatje. Aliiandika karibu na mwaka 1920, ikachapwa 1930 huko Lovedale, Afrika Kusini. Inahusu miaka ya 1830: Warolong, ambao ni Watswana, Mzilikazi mfalme wa Wandebele, na Makaburu. Chapa ya 1930 ilifanyiwa mabadiliko: msimulizi mzee aitwaye Half-a-Crown, ambaye ndiye anayeipa hadithi sura ya masimulizi ya mdomo, akaondolewa. Mswada uliopigwa kwa mashine ulipopatikana, chapa ya Heinemann ya 1978 ikamrudisha. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema wameisoma Mhudi na wakawa wamesoma vitabu tofauti. Ukiona nakala, fungua kurasa za mwanzo utazame inasema imetoka kwenye chapa ipi. Na hapo hata tafsiri hakuna, kitabu kiliandikwa kwa Kiingereza!

Chaka ya Thomas Mofolo, ya Shaka mfalme wa Wazulu, iliandikwa kwa Kisotho, mswada ukakaa kwa wamisionari wa Morija karibu miaka 15, ukatoka 1925. Tafsiri ya Kiingereza ya Dutton ni ya 1931, na ile ya Daniel Kunene ni ya 1981. Chagua ya Kunene.

Nje ya Afrika mfano mzuri ni Kristin Lavransdatter ya Sigrid Undset, mabuku matatu ya Norwei ya karne ya 14, yaliyotoka 1920 hadi 1922. Tafsiri ya kwanza ya Kiingereza iliwavalisha wahusika lugha ya kizamani ya kujitengenezea, na vipande vingine vikakatwa. Mwandishi mwenyewe aliandika Kinorwei kinachosomeka wazi. Tafsiri ya Tiina Nunnally ya mwishoni mwa miaka ya 1990 imerudisha uwazi huo. Watu wengi waliokiacha kitabu hiki njiani walishindwa na ile tafsiri ya kwanza.

Jinsi ya kupima tafsiri kwa dakika kumi bila kujua lugha asilia: chukua tafsiri mbili, soma ukurasa wa kwanza, kisha ukurasa mmoja wa mazungumzo. Kwenye mazungumzo ndipo tafsiri mbaya inapojiumbua, kwa sababu mtoto, bwana na mtumwa wote wanaongea sauti moja. Halafu hesabu sura. Kama moja ina sura 30 na nyingine 24, ujue kuna iliyofupishwa, na mara nyingi haikuandikwa popote kwamba imefupishwa.

Kwa tafsiri za Kiswahili zenyewe, zilizosahauliwa ni nyingi. Shujaa Okonkwo ya Clement Ndulute (1973), kutoka kwa Chinua Achebe, Wema Hawajazaliwa ya Abdilatif Abdalla (1976), kutoka kwa Ayi Kwei Armah, na ya karibuni Peponi ya Ida Hadjivayanis (2022), ambayo ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah kuhusu misafara ya pwani na bara kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hiyo ya mwisho inasomeka kana kwamba imerudi nyumbani. Mazungumzo yake yana adabu ya pwani ambayo Kiingereza hakiwezi kuionyesha.

Penseli_Mbili

Vya bure vinapatikana kihalali? Naona watu wanasambaza PDF tu.

Mkutubi

Vipo vingi sana, na tuachane na hizo PDF za kunyemelea. Waandishi wetu walio hai wanaumia.

Hesabu ya Marekani ni nyepesi, na tovuti nyingi kubwa ziko huko. Kitabu cha zamani hulindwa miaka 95 tangu kuchapwa. Chukua mwaka wa kuchapwa, jumlisha 96, na tarehe 1 Januari ya mwaka utakaopata kinakuwa mali ya umma kule. Cha 1930 kinafunguka 1 Januari 2026. Nchi nyingine huhesabu kuanzia kifo cha mwandishi. Mkataba wa Berne unaweka kiwango cha chini cha miaka 50, na nchi nyingi zimeweka 70. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa huru Marekani na kisiwe huru ulipo wewe. Angalia sheria ya nchi yako.

Tafsiri ina hakimiliki yake. Mwandishi anaweza kuwa amekufa miaka 150 iliyopita lakini mfasiri wa 1997 bado analindwa. Ndiyo sababu Project Gutenberg imejaa tafsiri za zamani, ambazo nyingine ni zile zile MtafsiriHuru anazozilalamikia. Kabla ya kupakua, tazama juu ya faili kama jina la mfasiri limeandikwa. Lisipoandikwa, afadhali utafute nakala ya picha ya kitabu hicho Internet Archive, ufungue ukurasa wa jina umjue.

Gutenberg ni maandishi yaliyosahihishwa na watu, makosa ni machache. Internet Archive ni picha za kurasa. Maandishi yake ya kupakua yana makosa mengi, kwa hiyo soma picha yenyewe. HathiTrust inafungua vitabu kulingana na nchi uliyopo, usishangae kikionekana kwa mwenzako na kwako kimefungwa. Kwa Kifaransa nenda Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Wanaopenda kusikiliza waende LibriVox, wasomaji ni wa kujitolea. Sikiliza dakika tano kabla ya kushusha saa ishirini.

Kurasa_za_Njano

Kwa wanaotaka vya kuanzia kutoka huko nje, hivi ninavipendekeza kwa moyo wote na havitajwi inavyostahili:

Georges ya Alexandre Dumas (1843). Kila mtu anazijua riwaya zake mbili tatu kubwa, hii hapana. Imewekwa Mauritius, inaanza na Waingereza wakikivamia kisiwa mwaka 1810, na mhusika mkuu ni chotara anayerudi kwao kupambana na ubaguzi wa rangi. Dumas mwenyewe bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa Haiti. Tafsiri nzuri ya Kiingereza ni ya 2007, ya Tina Kover.

Shaihu Umar ya Abubakar Tafawa Balewa (1934), kwa Kihausa. Ndiyo, ni yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Nigeria. Mtoto anaibwa na kuvushwa Sahara hadi Misri, na mama yake anamfuata. Ni fupi, na imeandikwa kwa upole unaouma kuliko makelele yoyote. Ya Kiingereza ni ya 1967.

Hadji Murat ya Tolstoy, iliyochapwa 1912 baada ya kifo chake. Ni ya Kaukasi mwaka 1851 na 1852. Aliyeogopa unene wa riwaya zake nyingine aanzie hapa.

Jurji Zaydan, Mlebanoni aliyeishi Misri, aliandika riwaya zaidi ya 20 za historia ya Uislamu na Waarabu kuanzia 1891, nyingi zikitoka kwa vipande katika jarida lake la al-Hilal. Anayesoma Kiarabu asikose. Muundo wake haubadiliki sana: wapendanao wawili wa kubuni wanapitishwa katikati ya tukio la kweli. Usisome tatu mfululizo, utachoka na muundo.

Penseli_Mbili

Na mtu atajuaje kipi ni historia na kipi kimebuniwa? Kwenye Chaka nilichanganyikiwa.

BintiKarne

Swali zuri. Tumia karatasi moja yenye safu tatu: watu wa kweli, matukio ya kweli, vilivyobuniwa. Soma kitabu kwanza hadi mwisho bila kuchungulia historia, ukiandika majina na matukio tu. Ukimaliza ndipo uhakiki. Ukihakiki huku unasoma utaiua hadithi.

Kwenye Chaka, Shaka mwenyewe, Dingiswayo, Dingane na mauaji ya 1828 ni historia. Isanusi mganga na Noliwe mchumba ni vya Mofolo. Sasa uliza: kwa nini alihitaji kuwabuni? Isanusi ni tamaa ya Shaka iliyopewa mwili, na Noliwe ndiye bei anayoilipa. Uongo wa mwandishi mzuri una kazi maalumu. Ukishaijua kazi hiyo umeielewa riwaya.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ni hivyo hivyo, ingawa ni tamthilia. Kinjikitile Ngwale wa kweli, mganga wa vita vya Maji-Maji, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo vinaanza. Hussein anatahadharisha mwanzoni kabisa kwamba mtu wake ni kiumbe wa sanaa. Someni dibaji, jamani. Mwandishi wa hadithi ya kihistoria mara nyingi hueleza pale alipokata na alipoongeza, na watu wanaruka kurasa hizo.

Dalili za riwaya ya kihistoria iliyoandikwa kivivu: wahusika wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua, kila mtu maarufu wa enzi hiyo anapita mlangoni, na hakuna anayeshika kazi ya mikono. Iliyoiva utaijua kwa vitu: chombo, chakula, kipimo, deni.

Karakana

Kwa wanaonunua nakala zilizotumika, hasa za miaka ya 1970 na 1980:

Nyingi hazikushonwa, zimegandishwa kwa gundi tu, na gundi ile hukauka ikapasuka. Usikifungue kitabu bapa. Kishike nusu wazi, pitisha kidole gumba kwenye kurasa zote ukiangalia namba. Kwa vilivyoshonwa, kurasa hutoka kwa mkunjo mzima, wa kurasa 16 au 32, kwa hiyo angalia hasa kwenye 16, 32, 48, 64 na kuendelea. Kama muuzaji yuko mbali omba picha nne: jalada, ukurasa wa hakimiliki, ukurasa wa mwisho wenye maandishi, na mgongo wa kitabu.

Ukurasa wa hakimiliki ndio unaokuambia kama ni toleo jipya au ni chapa iliyorudiwa tu. Ukiona "toleo la shule" au maswali mwishoni mwa sura, linganisha idadi ya kurasa na ile ya kwenye katalogi. Tofauti ya kurasa 10 inaweza kuwa ukubwa wa herufi. Tofauti ya 60 ni kisu, yaani kitabu kimekatwa.

Karatasi ya wakati ule ina asidi, inageuka kahawia na kukatika pembeni. Weka mbali na jua na unyevu. Usitie selotepu hata kidogo. Gundi yake inapenya na kuacha doa lisilotoka. Ukurasa uliochomoka uweke mahali pake, funga kitabu kwa utepe wa kitambaa, basi.

Msomaji_Usiku

Ahsanteni sana. Mwenye muda mdogo aanze na ipi, kwa mpangilio?

Kurasa_za_Njano

Fupi kwanza: Shaihu Umar, kisha Hadji Murat. Halafu Kuli, na Vuta n'Kuvute mara baada yake. Uhuru wa Watumwa pamoja na Tippu Tip, kwa zamu, sura kwa sura. Mhudi, hakikisha ni ile iliyorudishiwa msimulizi. Kitereza mwache mwisho na umpe miezi miwili, kurasa kumi kwa siku. Kurasa za pombe ya ndizi usiziruke.

Shubaka

Na Kwaheri Iselamagazi mwenye kuiona mahali aandike hapa imehifadhiwa maktaba gani, mwaka wa chapa na idadi ya kurasa. Hiyo watu wengi wanaisaka.